Nilikariri Mistari Thelathini, Leo Nimebaki na Mitatu

SWALI: Bwana asifiwe Mchungaji. Mimi ni mama wa miaka 44, nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mwaka jana idara ya wanawake kanisani kwetu iliandaa mashindano ya kukariri mistari ya Biblia. Nilikariri mistari 30 ndani ya mwezi mmoja, nikashika nafasi ya pili, nikapewa kitenge. Leo nikijipima nabaki na mitatu tu: Yohana 3:16, Zaburi 23:1 na Yeremia 29:11. Inaniumiza. Niliishia darasa la saba, nadhani kichwa changu ni kizito. Binti yangu ananiambia, mama unahangaika nini, Biblia si iko kwenye simu? Mwenzangu mmoja naye anasema Zaburi ya 91 inatosha, niisome mara saba kabla mtumbwi haujatoka. Je, kukariri ni karama ya watu fulani? Na nikitaka kuanza upya, nianzie wapi?

JIBU: Bwana asifiwe sana, dada yangu.

Nianze na hicho kichwa unachokisingizia. Mfanyabiashara wa dagaa anayejua bila daftari nani anamdai na nani anadaiwa naye, gunia la nani limepanda treni ya kwenda Dar es Salaam, na bei ilifika wapi mitumbwi ilipolala kwa sababu ya mbalamwezi, hana kichwa kizito. Hayo yote umeyahifadhi kwa sababu unayatumia. Kila siku mtu anakuuliza, nawe unajibu. Mistari ile 30 haikupata nafasi hiyo. Uliisoma, ukaisema mbele ya majaji, ukapokea kitenge, basi. Hakuna aliyekuuliza tena, na wewe mwenyewe hukujiuliza. Hata ile mitatu iliyobaki, itazame vizuri: ni ile tunayoisikia kila ibada, kila msiba na kila mkesha. Imebaki kwa sababu ndiyo peke yake iliyoendelea kutumika.

Watu waliochunguza jambo hili wamekuta hivyohivyo. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Akaona kwamba usahaulifu ni mkali zaidi katika saa na siku za kwanza, halafu unapungua kasi. Na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali yanashika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Wengine walisoma habari fulani na kuirudia kuisoma, wengine waliisoma kisha wakaifunika na kujaribu kuikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojizoesha kukumbuka waliwaacha wenzao nyuma.

Kwa hiyo mashindano yenu yalipima kile kinachokuwepo baada ya muda mfupi, na wewe ulishinda kwa haki. Ila mstari uliosomwa mara 20 mfululizo unateleza mdomoni hadi unadhani umeuhifadhi, kumbe macho ndiyo yaliyouzoea. Mistari 30 kwa mwezi mmoja bila kuirudia baadaye ingemponyoka hata mtu mwenye shahada tatu.

Umeuliza kama ni karama. Hapana. Orodha ya karama ya Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 12 haina kukariri, na kanisa la kale lilihesabu jambo hili kuwa kazi ya kila mwamini aliyetaka kukua. Katika karne ya nne kule Misri, Pakomio alianzisha jumuiya za watawa, wengi wao wakulima wasiojua kusoma. Kanuni zao zilisema mgeni akiingia apewe kwanza zaburi 20 au nyaraka mbili za Mtume za kujifunza, na kwamba kila mmoja ajifunze kwa moyo angalau Agano Jipya na Zaburi. Walikuwa wakisuka mikeka huku midomo ikitamka Maandiko. Antonio wa Misri, mtawa wa jangwani, kwa jinsi askofu Athanasio anavyosimulia maisha yake, hakusoma shule, lakini alisikiliza Neno likisomwa kanisani kwa makini kiasi kwamba kumbukumbu yake ikawa badala ya vitabu. Na mwaka 787 Mtaguso wa pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza kwamba mtu asifanywe askofu mpaka azijue Zaburi zote. Darasa la saba lako, dada yangu, lingewatosha sana watu hao.

Wapo wanaoshika haraka na wanaoshika polepole, hilo ni kweli. Ukiona mtoto wa Shule ya Jumapili anakupita, usishangae wala usione aibu. Ila mtu mzima ana kitu ambacho mtoto hana: maisha ambayo mstari unaweza kuning'inia humo. Mtoto anasema “asisinzie akulindaye” kama wimbo. Wewe umekesha ukingoja mitumbwi.

Sasa binti yako. Usimgombeze, maana hoja yake ina uzito. Nami Biblia ninayo kwenye simu na naitumia kila siku. Lakini simu inakupa mstari ukijua unatafuta nini, na ukiwa na nafasi ya kuutafuta. Jaribu halina subira ya namna hiyo. Mteja anapokutolea maneno machafu mbele za watu, una pumzi moja tu ya kuamua utajibu nini. Kilichomo ndani yako ndicho kitakachotoka.

Mtazame Bwana Yesu nyikani, Mathayo 4. Amefunga siku 40, ana njaa, hana kitabu mkononi. Anajibu mara tatu, na mara zote kwa Maandiko. Jibu la kwanza linatoka Kumbukumbu la Torati 8:3, la pili 6:16, la tatu 6:13. Yote matatu yanatoka mahali pamoja, ndani ya sura ambazo Musa anawakumbusha Israeli jinsi Mungu alivyowajaribu jangwani. Bwana hakuwa na mistari mitatu iliyochumwa huku na huku. Alikuwa anakaa ndani ya fungu zima la Neno lililohusu nyika, na alipokuwa nyikani fungu hilo likamtumikia. Tena sura ya 6 ndiyo yenye maneno ambayo Wayahudi waliyasema asubuhi na jioni: “Sikiza, Ee Israeli.” Msalabani nako alilia kwa Zaburi ya 22 na akaikabidhi roho yake kwa maneno ya Zaburi ya 31. Katika maumivu yale hakuna anayefungua kitabu.

Hapo ndipo ninapokuja kwa mwenzako wa Zaburi ya 91. Naomba nimseme kwa upendo, maana najua hofu ya kumwachia mtu aende ziwani usiku. Upepo wa Tanganyika hauna utani. Zaburi ya 91 ni sala nzuri kabla ya safari, isome. Lakini hesabu ya mara saba imetoka wapi? Tukianza kuamini kwamba nguvu iko kwenye idadi, au kwenye karatasi ya zaburi iliyofungwa kwenye mtumbwi, tumerudi kwenye hirizi, ila safari hii hirizi imeandikwa maneno ya Biblia. Na kumbuka kwamba andiko ambalo Shetani alimnukulia Bwana Yesu katika Mathayo 4 lilikuwa hilohilo, Zaburi 91:11-12. Alilijua kwa kichwa. Aliponukuu akaruka maneno “katika njia zako zote”, akanyamaza kabla ya mstari wa 13 unaosema juu ya kumkanyaga nyoka. Mtu anaweza kukariri bila kukosea neno na asiwe na Mungu hata kidogo. Wayahudi waliompinga Yesu waliambiwa hivyo katika Yohana 5:39: wanayachunguza Maandiko wakidhani uzima umo ndani yake, na kumbe Maandiko yanamshuhudia Mtu aliyesimama mbele yao.

Ukiielewa hiyo, utaelewa kwa nini sitaki uanze upya na orodha ya mistari 30. Chukua mstari wako wa Yeremia 29:11: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Ni neno la barua. Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli, na mstari wa 10, ulio juu yake tu, unasema miaka 70 itapita kwanza. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani kulekule ugenini. Aliyekariri mstari wa 11 peke yake anangoja mambo yafunguke mwezi ujao, na yasipofunguka anadhani Mungu amesema uongo. Aliyekariri kuanzia wa 4 hadi wa 14 anajua Mungu anaahidi mema kwa watu ambao wengi wao watazeeka kabla ya kuyaona, na anajua la kufanya wakati wa kungoja. Mkoa wako umepokea wakimbizi kwa miaka mingi. Wako watu katika kambi ya Nyarugusu ambao barua hiyo ingewafaa kuliko sisi tunaoiandika kwenye kadi za harusi.

Basi shika fungu zima, hata kama ni fupi. Namba utaona hazikusumbui sana, kwa sababu ukishajua “Zaburi ya 121” huhitaji namba nane. Namba hizo zenyewe ni za juzi: sura tulizonazo zinatokana na Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilitiwa namba na Robert Estienne mwaka 1551. Mwandishi wa Waebrania alipoinukuu Zaburi ya 8 alisema tu kwamba “mtu mmoja ameshuhudia mahali fulani”. Majaji wa mashindano wangempunguzia alama.

Nakupa Zaburi ya 121. Ina mistari minane. Juu yake imeandikwa “Wimbo wa kupanda mlima”. Ni mojawapo ya zaburi 15, kuanzia ya 120 hadi ya 134, zenye kichwa hicho, na inaaminika ziliimbwa na wasafiri waliopanda kwenda Yerusalemu kuabudu. Ni zaburi ya watu walio njiani, kwa hiyo iliundwa ili ibebwe kichwani.

Siku ya kwanza usikariri chochote. Isome yote kwa sauti, polepole, na uitazame umbo lake. Mstari wa 1 unauliza: “Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?” Wa 2 unajibu: “Msaada wangu u katika BWANA, aliyezifanya mbingu na nchi.” Ukisimama pwani hapo Kibirizi siku anga limesafika baada ya mvua, unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Inapendeza, lakini haikuokoi. Msaada uko kwa aliyeifanya.

Kuanzia mstari wa 3 sauti inabadilika. Aliyekuwa anasema “yangu” na “wangu” sasa anaambiwa “wako”: “Asiuache mguu wako usogezwe, asisinzie akulindaye.” Kana kwamba msafiri mmoja ameuliza na mwenzake anamjibu njia nzima. Sasa hesabu neno la kulinda: akulindaye katika wa 3, mlinzi katika wa 4, mlinzi tena katika wa 5, atakulinda mara mbili katika wa 7, atakulinda katika wa 8. Mara sita ndani ya mistari minane. Ukishaliona hilo, umeshika uti wa mgongo wa zaburi nzima, na lililobaki ni kujua kila mara analinda nini. Mguu. Israeli wote. Mkono wa kuume, kwa kivuli. Nafsi. Kutoka na kuingia.

Siku ya pili chukua mistari miwili ya kwanza tu. Isome mara mbili, funga Biblia, iseme kwa sauti. Utakwama. Ukikwama usifungue haraka! Ngoja kidogo, lisake lile neno, jikaze. Kule kusaka ndiko kunakoupanda mstari. Anayechungulia kila anapokwama anarudi kwenye ugonjwa wa mwaka jana. Likishindikana kabisa, fungua, tazama neno lile moja lililokukwamisha, funga, anza tena mstari ule tangu mwanzo. Ukitaka fimbo ya kuegemea, andika kwenye kipande cha boksi herufi za mwanzo tu: N m y n m, M w u w. Huo ndio mstari wa kwanza wote. Herufi zinakusukuma bila kukupa jibu zima, na baada ya siku chache kipande hicho utakitupa mwenyewe.

Kesho yake asubuhi, kabla hujashika simu, sema ile miwili bila kutazama. Kisha irudie mchana ukiwa kazini. Kugeuza dagaa juani ni kazi ya mikono; mdomo uko huru. Kumbukumbu la Torati 6:7 linataja uketipo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Musa hakuagiza chumba cha kimya cha kusomea, akijua watu wake wana kazi na watoto. Miwili hiyo ikitoka bila kukwama asubuhi mbili mfululizo, ongeza ya 3 na ya 4. Endelea hivyo, jozi kwa jozi, kila mara ukianzia mwanzo wa zaburi. Wiki mbili au tatu zinatosha, na zikiwa tano si dhambi.

Nikutahadharishe mahali pa kuteleza. Mstari wa 3 ni “asisinzie”, wa 4 ni “hatasinzia wala hatalala usingizi”, watu huchanganya. Wa 3 ni kama dua, wa 4 ni uhakika unaoanza na “Naam”. Kadhalika wa 7 na wa 8 yote yana “BWANA atakulinda”. Wa 7 unataja anakulinda na nini, yaani mabaya yote. Wa 8 unataja lini, utokapo na uingiapo, tangu sasa na hata milele.

Na mstari wa 6 nimeuacha makusudi: “Jua halitakupiga mchana, wala mwezi wakati wa usiku.” Watu wa kale waliogopa madhara ya mwezi kama walivyoogopa ya jua. Wewe nawe una sababu ya kuutazama mwezi. Ukijaa, taa za wavuvi hazifui dafu, mitumbwi inalala, na nyumbani ada ya shule inangoja. Sisemi kwamba mtunga zaburi aliwaza dagaa. Nasema Mungu anayetajwa hapo ndiye uliye naye usiku wa mbalamwezi, na una ruhusa ya kumwambia: “Bwana, umesema mwezi hautanipiga, tazama hali yangu wiki hii.” Hapo mstari umekuwa sala. Kila jozi unayoishika, iombee namna hiyo siku ileile, hata kwa Kiha, kwa maneno yako ya kawaida. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu kubwa kuliko zote. Mstari ulioombwa umeshatumika, na uliotumika haupotei kirahisi.

Ukishaimaliza, usiiache kama ulivyoiacha ile 30. Iseme kila siku kwa wiki moja, kisha mara moja kwa wiki kwa miezi miwili, labda Jumamosi, kisha mara moja kwa mwezi. Na Mungu amekupa kalenda inayowaka angani: siku za mbalamwezi, kazi zinapopungua, zifanye siku za kurudia kila ulichowahi kushika. Kikiwa na nyufa, ziba wakati huo.

Kuhusu tafsiri, chagua moja na uing'ang'anie, maana kichwa hakishiki maneno yanayobadilika. Wengi wetu tuna ile ya Union Version ya mwaka 1952, na kwa kukariri naipenda kwa sababu mishororo yake ina mwendo wa kuimbika. Biblia Habari Njema, iliyokuja katika miaka ya 1990, itumie pembeni pale Kiswahili cha ile ya kwanza kinapokufunga. “Msaada wangu u katika BWANA” mtoto wa leo anaweza asielewe hilo “u”. Mweleze, kisha mwache aliseme hivyohivyo.

Simu ya binti yako nayo ipe kazi. Mwombe akurekodi ukisoma zaburi yote polepole. Ukiisikiliza tu utakuwa umerudi kwenye kusoma bila kujipima, kwa hiyo fanya hivi: sikiliza nusu ya mstari, simamisha, malizia mwenyewe, halafu washa uone kama umepatia. Na ukipata dada mmoja kanisani wa kutumiana sauti kwa WhatsApp, kila mmoja akimsemea mwenzake, utakuwa umepata kile kilichokosekana baada ya mashindano: mtu anayekuuliza.

Huku Tabora, kati ya Wamoraviani, kuna desturi inayofanana na hiyo. Mei 1728 katika kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, kiongozi wao Zinzendorf aliwapa ndugu zake neno fupi la kuishi nalo siku inayofuata, nao wakaanza kulipeleka nyumba kwa nyumba kila siku. Tangu mwaka 1731 maneno hayo yamechapwa kitabu kila mwaka, na wamisionari waliokuja Urambo mwishoni mwa karne ya 19, kisha Sikonge, walitoka katika desturi hiyo. Neno la siku ni la kubeba mchana mmoja. Halichukui nafasi ya zaburi unayoihifadhi kwa mwezi mzima, lakini linafundisha jambo jema: watu wa nyumba moja kuulizana jioni, “Leo tumepewa neno gani, na tumelifanyia nini?”

Hilo la kulifanyia nini lisikupite. Zaburi 119:11 inasema, “Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi.” Kwa hiyo ukishamaliza Zaburi ya 121, jiulize unaanguka wapi mara nyingi, uchague fungu la hapo. Nitakuambia wazi. Wapo wauzaji wanaochanganya mchanga kwenye dagaa gunia liwe zito, na wapo wanaokaa na mizani iliyochezewa. Sijasema ni wewe. Ila mtu aliye katika biashara hiyo akiwa na Methali 11:1 mdomoni, “Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA”, mkono wake unapofika kwenye mchanga mstari utazungumza. Siku hiyo atajua kama aliuhifadhi kwa ajili ya majaji au kwa ajili ya Mungu. Yakobo 1:22 inasema anayesikia tu bila kutenda anajidanganya nafsi yake, na mwenye kukariri tu yuko hatarini zaidi, kwa sababu watu wanamsifu.

Kuna swali hukuliuliza lakini naliona nyuma ya maumivu yako: kama kusahau kunampunguzia mtu kibali mbele za Mungu. Hakumpunguzii. Wapo bibi zetu wanaosahau hata majina ya wajukuu, na Bwana anawajua kwa majina yao. Yohana 14:26 inamtaja Roho Mtakatifu kuwa ndiye atakayewakumbusha wanafunzi yote Bwana aliyowaambia. Kukumbushwa ni kazi yake. Yetu ni kuweka. Umesahau mistari 27, haijapotea mbinguni. Mingi utaikuta tena ndani ya mafungu utakayoyashika, na safari hiyo utaijua na majirani zake.

Baada ya 121, ningekupeleka Zaburi ya 1, ambayo ina mistari sita tu na picha ya mti kandokando ya vijito isiyosahaulika. Kisha Wafilipi 2:5-11. Huko utaona ugumu umeongezeka, kwa sababu Paulo anaandika sentensi ndefu na hakuna mishororo ya kuegemea; kata kwa kufuata anachofanya Kristo: alijifanya hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa, akajinyenyekeza, akawa mtii hata mauti, Mungu akamwadhimisha. Ukifika hapo salama, Warumi 8:31-39. Zaburi ya 119 yenye mistari 176 iache kwanza, au chukua vipande vyake vya mistari minane minane, maana imepangwa hivyo tangu mwanzo kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania. Usianze fungu jipya mpaka la kwanza litoke bila kukwama asubuhi tatu mfululizo. Na Warumi 8 usiianze peke yako. Ianze na binti yako.